Sekunde Arobaini

Daktari Wrzos ameketi kwenye kiti changu kibovu,
koti bado mwilini, theluji ikimyeyukia mabegani,
anatazama kazi yangu ya wiki tatu:
protini yenye miguu miwili
inayotembea juu ya uzi ndani ya seli,
wa kulia, wa kushoto, wa kulia,
imebeba furushi kubwa kuliko yenyewe.
Nimeipa mwendo wa madaha. Nakiri.
Nilidhani wanafunzi wataipenda.

"Nzuri," anasema,
na kinywani mwa Bogumił Wrzos neno hilo ni kibali cha maziko.
"Ila haiendi hivi. Haina nia, haina haraka.
Maji yanaipiga kila upande, bila kupumzika.
Mguu mmoja umeshika, wa pili unarushwarushwa ovyo
mpaka bahati iubwage mahali pake.
Wewe umechora tarishi.
Kule hakuna tarishi. Kuna zahama,
na mlango unaofunguka upande mmoja tu."

Maji? Maji niliyafuta.
Nilipaka buluu tupu, tulivu kama ukuta wa wodi,
maana kompyuta hii hukoroma
ikitwishwa molekuli elfu kumi,
na mkataba unasema sekunde arobaini,
na mwenye mkataba hajatoa hata zloti moja.

Daktari akaondoka. Nikabaki na dirisha.
Ng'ambo ya barabara, kiwanda cha nguo cha Łódź
siku hizi kinauza viatu na kahawa.
Mama alifanya kazi mle miaka kumi na tisa,
akihamisha makasha ya nyuzi, mashine hadi mashine.
Niliwahi kumwuliza alikuwa akiwaza nini njiani.
"Kuwaza?" akacheka.
"Sakafu ilitetemeka mpaka kwenye meno.
Nilisukumwa huku, nikasukumwa kule.
Nikifika, nimefika."

Nikafuta fremu mia tisa na sitini,
zote, bila kuweka nakala,
ujinga ambao sitaurudia.

Toleo la pili lilikuwa kweli tupu.
Tukalipeleka shule moja ya sekondari Pabianice,
Ijumaa, kipindi cha mwisho, radiator zikitoa joto la kulevya.
Skrini ikachemka. Kila kitu kiligonga kila kitu.
Gniewko, wa dawati la nyuma, akanyosha mkono:
"Samahani, video imeharibika?"
Darasa likaangua kicheko. Mimi pia, kidogo.
Mwalimu wao, Bi Halszka, alitazama saa yake.
Ukweli niliuleta mzima na mifupa yake,
na hakuna aliyeweza kuutafuna.

Basi la tatu, lililonikondesha, likawa hivi:
sekunde nne za vurugu, maji yote yakiwemo,
ili macho yaamini kwamba hayaoni kitu.
Kisha muda unavutwa kama lami ya moto,
maji yanafifia, na maandishi madogo yanakiri:
*Tumeyaondoa ili uone. Bado yapo.*
Mguu unashika. Mwingine unayumba, unakosa,
unayumba, unakosa,
(hapo nilipigania fremu kumi na mbili za kukosa)
unapata.

Pabianice tena. Kimya.
Msichana aitwaye Kalina, ambaye mara ya kwanza
hakuinua kichwa kutoka kwenye mikono yake,
alikuwa ameinua kichwa.
"Nani anaiambia iende wapi?"
Bi Halszka akafungua mdomo, akaufunga.
"Hakuna," nikasema. "Uzi una pande mbili zisizofanana."
Akautazama mkono wake, juu, chini,
kama mtu aliyesikia majirani wakihamisha fanicha.
"Na sasa hivi? Humu?"
Kengele ikalia. Hakuna aliyesimama
isipokuwa Gniewko, ambaye alikuwa na basi la kuwahi.

Nilimpelekea Daktari faili usiku huohuo.
Jibu likaja saa nane kasoro:
"Afadhali. Lakini umeipaka rangi ya chungwa.
Kitu kidogo kuliko wimbi la mwanga hakina rangi."

Daktari,
hiyo niachie.