Kondoo Aliye Hai

Duka la dawa la Rafo Altarac, Sarajevo,
lilikuwa na mitungi miwili ya kaure kwenye rafu ya chini.
Mmoja mweupe: mafuta ya nguruwe,
yaliyoyeyushwa, yakachujwa kwa kitambaa,
yakatiwa ubani yasichache.
Wa pili wa njano, mzito kama gundi;
ukiufungua, zizi zima linaingia dukani,
na mvua juu ya manyoya.

Kitabu cha serikali kilisema: unga wa zinki gramu kumi,
mafuta ya nguruwe gramu tisini, saga hadi yalainike.
Kitabu kisichokuwa na mgonjwa ndani yake.

Mimi nilikuwa mwanagenzi, mtoto wa Kikatoliki.
Siku za kikohozi bibi alinipaka mafuta hayohayo kifuani
pamoja na kitunguu saumu,
na yaliyobaki tukapaka mkate.
Sikuona tatizo liko wapi.

Basi akaja Bi Zumra, mfumaji wa mazulia,
vidole vimepasuka hadi uzi unatoka na damu.
Hakuketi. Aliuliza kwanza, "Ndani mna nini?"

Rafo, ambaye kwake pia nguruwe hakuvuka kizingiti,
aliutua mchi, akafikiri kidogo.
"Kondoo," akasema. "Tena hajachinjwa.
Wameosha sufu yake, wakakusanya kilichoelea.
Mwenyewe yuko mlimani, anakula majani."
Bi Zumra akacheka, akanyoosha mikono yote miwili.

Mafuta ya sufu yalikuwa ghali mara tatu.
Daftarini aliandika bei ya mtungi mweupe;
tofauti aliitoa mfukoni, kimyakimya,
kama mtu anayeficha sigara.
Mkaguzi alipokuja na miwani yake
nilisimama mbele ya rafu, nikajifanya mpana.

Kisha mwaka wa arobaini na moja.
Sitasema mengi. Walikuja alfajiri,
na mtungi wa njano ulikuwa umebaki wa kukwangua.

Majira ya baridi Bi Zumra alirudi na kopo lake,
amelisugua kwa jivu hadi linang'aa.
"Ndani mna nini?"
Nilikuwa na mtungi mweupe peke yake.
Nikamwambia kweli.
Mkono ukarudi ndani ya shali na mipasuko yake.

Hakuondoka. Alitazama koti la kazi la Rafo,
bado limetundikwa msumarini.
"Na yeye?"
Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta meza
ambayo tayari ilikuwa safi.