Kandambili Iliyobaki Nyuma

Mtoto wa Nsimire ndiye aliyenipasha habari.
Alinikimbilia mteremko mzima wa Kadutu,
kandambili yangu mkononi:
"Baba fundi, umeiacha kwa muuza makala!"
Nami nilikwishatembea hatua arobaini
mguu mtupu topeni,
na mguu haukuniambia kitu.

Miaka tisa tangu ukuta wa Cishugi uniangukie.
Mvua ya Aprili, matofali mabichi,
mfupa chini ya goti ukakatika kama muhogo mkavu.
Walinifunga plasta, wakaifungua, wakasema: umepona.
Nikapona.
Nikalipa deni la hospitali kwa mashati ya shule,
mia mbili na kumi, yote meupe,
pedali ikiimba usiku kucha.

Sasa kidole gumba hakinyanyuki.
Nikikanyaga, pedali inashuka;
kuipandisha, kisigino kinahangaika peke yake,
sindano inaruka,
mshono unatoka na mapengo kama kinywa cha babu.
Usiku siafu wanapanda muundi wangu.
Nawasha taa: hakuna siafu.
M'Nabushi alinikanda kwa majivu ya moto,
kisha mafuta ya mawese, kisha lawama.

Daktari, kijana tu, hakuutazama mguu kwanza.
Aliusikiliza ukija koridoni:
pa-ta, pa-ta.
Akagonga kwa kidole kimoja kando ya goti,
pale pale palipoungika,
umeme ukanishuka hadi kwenye kucha.
"Mfupa wako ulipona kupita kiasi," akasema.
"Umeota kinundu, nacho kimeukalia mshipa wa fahamu."

Kupona kupita kiasi!
Nimelitafuna neno hilo kutoka Muhungu hadi Nyawera.
Ingawa nalijua. Nimeshona makwapa ya namna hiyo:
mbele ya kioo yanapendeza,
hadi siku mwenye nguo ainue mkono.

Wanataka kufumua.
Dola mia tatu na themanini, ahadi hakuna:
huenda mshipa utaamka, huenda umelala mno.
Na mimi, ninayefumua vya watu kila siku
kwa wembe, polepole, nisiguse kitambaa,
naogopa wembe.

Jana nimeishonea kandambili ukanda wa lastiki,
umeshika kifundo, haitoki tena.
Mtoto wa Nsimire ameugeuza, ameuvuta, amenuna:
"Sasa mimi nitakuwa nakuletea nini?"