Daftari la Jumamosi

Jumamosi ya kwanza tulikuwa arobaini na mmoja.
Niliandika majina hadi kalamu ikakohoa,
ndipo Lushinge akauliza kwa niaba ya wote:
"Posho inatolewa asubuhi au jioni?"

Jumamosi ya pili tulikuwa tisa.

Tisa, na reki tatu, na mkokoteni wa mama Ng'washi
ambao gurudumu lake hulia
kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba.
Tukaingia ziwani hadi kiunoni,
tukayavuta magugumaji kwa mizizi,
ndevu nyeusi zinazonuka tope na yai viza,
na juu yake ua la zambarau, zuri, halina haya,
kama mgeni aliyekula mbegu ulizoweka
na bado anakusifia mapishi.

Kufikia saa saba maji yalionekana,
upana wa ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa.
Tuliketi juu ya mawe, tukayatazama tu.

Usiku upepo ukaja kutoka upande wa Ukerewe.
Asubuhi mwalo wote kijani tena,
kijani mpaka kwenye jiwe la kufulia.
Bugumba alicheka hadi akakaa chini.
Nikaandika: *Tumetoa. Yamerudi. Jumamosi ijayo, saa moja.*

Sikuandika yote.

Sikuandika kwamba lile kokoro
tulilolikuta matete yakiwa yamelifunika,
mwezi wa nne, tukipigilia vigingi vya mazalia ya sato,
lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa buluu,
na kwamba uzi wa buluu, hapa Isesa,
ulikuwa kwetu, ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati.
Mshonaji nilimjua kwa fundo.
Aliyenifundisha fundo lile
ndiye aliyenilipia ada hadi kidato cha nne,
na sikuwahi kumuuliza fedha aliivua wapi.

Walisema lichomwe. Likachomwa.
Nailoni haiungui kama kuni;
hutoa machozi meusi, na moshi wake hukaa kwenye nguo.
Kaka yangu Malale alisimama kando, mikono mfukoni,
kama anayetazama nyumba ya jirani.
Jioni nilimpakulia ugali, nikamsogezea kichwa cha samaki.
Akala. Mimi nikaosha vyombo.
Kopo la maziwa halikuwa tena juu ya kabati.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila salamu,
akapita katikati yetu, akaingia penye kina,
kule ambako sisi wengine tunaogopa ruba,
akavuta mpaka jua likatuchoka.
Niliandika jina lake.
Herufi ya kwanza imepinda hadi leo.

Miche ya mikuyu tulipanda mia mbili na kumi.
Mbuzi wa mwenyekiti wakala zaidi ya nusu,
na mwenyekiti akaja kikaoni kuomba radhi kwa niaba yao.
Iliyobaki tuliizungushia miiba.
Mmoja sasa unanipita kimo;
siupendi kuliko mingine, ila huwa naanzia kwake kumwagilia.

Mwaka wa pili mama Ng'washi aliugua kichocho.
Mkokoteni ukaja wenyewe, yaani ukisukumwa na wajukuu,
ukilia vilevile.

Halafu juzi, tuko kumi na nne, jua bado changa,
Malale akaniita kutoka kwenye vigingi.
Miezi ishirini na mitatu hajaniita kwa jina.
"Nkwimba. Njoo. Usipige maji."
Alikuwa amekinga viganja, na ndani yake furu watatu,
wadogo kama kidole cha mtoto mchanga,
mmoja ana buluu ubavuni.
Tulipokuwa wadogo tuliwachoma wengi kijitini,
hatukujua kwamba samaki nao huisha.

Akafungua vidole. Wakaenda.
"Waandike," alisema.

Nilifungua daftari, mikono ikichuruzika.
Namba. Jina. Saini.
Nilikaa na kalamu muda mrefu,
maji yakidondoka juu ya karatasi,
hadi Bugumba akafoka kwamba reki zinangoja.