Mlango

Baba yangu, Emil Hudak, alichomelea milango
miaka thelathini na mmoja, zamu ya usiku,
katika kiwanda cha Chevrolet kaskazini mwa mji,
pale ambapo leo pana uzio, magugu
na bango la dalali lililopauka.

Kwa hiyo gari la Kijapani halikukanyaga ua wetu.
Si kwa sababu ya ajira tu. Baba yake mdogo, Stefan,
alibaki Okinawa; picha yake ikabaki juu ya friji,
kijana wa miaka kumi na tisa, masikio makubwa kama yangu.
Mchumba wangu wa kwanza alikuja na Datsun.
Baba akamwambia akaiegeshe kwa akina Pruitt, mtaa wa pili,
kisha aje kwa miguu.
Alikuja kwa miguu mara tatu.
Ya nne hakuja.

Sasa nyonga ya Baba ni ya titani,
Silverado yake imelala gereji
ikidondosha mafuta ndani ya beseni la kufulia,
dereva ni mimi, na gari langu ni Subaru.
Hukaa ndani yake kama mtu aliye kwa daktari wa meno:
mikono magotini, mgongo hauegemei.
Usitukane wakunga, walisema wahenga.
Baba ametukana wodi nzima,
na bado namfunga mkanda.

Ijumaa. Tumechelewa. Mwanangu Tobias
anapuliza trombone katika bendi ya shule,
na babu yake hataki kukosa hata pumzi moja.
Tukiwa bado maegeshoni, katikati ya pikapu
na moshi wa soseji,
spika zikakoroma, wimbo wa taifa ukaanza.

"Simamisha."
Nimeshasimama, Baba.
"Basi nifungue!"
Mkanda ukagoma. Nikabonyeza, akabonyeza,
vidole vyetu vikagombea kitufe kimoja chekundu,
na wimbo haungoji mtu.

Ukatoka mguu mmoja, kisha ule wa titani.
Mkono wa kushoto ukashika ncha ya mlango,
wa kulia ukapanda hadi ukingo wa kofia
(sheria siku hizi inamruhusu askari mstaafu, hata bila sare;
alikata habari hiyo gazetini, anayo pochini),
vidole vimenyooka, isipokuwa kile cha kati,
ambacho nusu yake ilichukuliwa na mashine ya kiwandani,
si na Vietnam.
Watu humshukuru kwa kidole hicho.
Huwa hawasahihishi.

Na gari, kwa kuwa mlango u wazi na ufunguo umo,
likaanza kulia: ting, ting, ting,
mbele ya bendera, nje ya mapigo, bila haya.
Nilitaka kulizima. Niliogopa kusogea.
Kijana mwenye ndoo ya bisi alisimama, kofia kifuani.
Mama mmoja aliendelea kupekua mkoba.
Na Baba, ambaye maishani mwangu mwote
ameniambia maneno kumi na moja tu kuhusu Pleiku,
akayumba.
Nikauona mlango ukishuka kidogo, kama unywele,
kisha ukambeba mzima mzima.
Bawaba hazikulalamika.

Noti ya juu ikapita, ile ambayo trombone huikwepa.
Makofi. Firimbi. Saluti ikashuka,
ila mkono wa kushoto haukuachia.
Kidole gumba kilikuwa kikitembea ukingoni kwa ndani,
chini ya mpira, juu ya mshono wa bati,
taratibu, kama kipofu anayesoma.

"Nani kaunga huu?"
Watu wa Indiana, Baba. Lafayette.

Akatazama taa za uwanja, na nondo waliozizunguka.
Nilingoja neno la kumi na mbili, lolote lile.
Akaufunga mlango kwa kiganja,
si kwa kuubamiza kama kawaida yake,
akasikiliza kile kishindo kifupi,
akaufungua,
akaufunga tena.