Uhusiano na Mwombaji

Karani wa benki, dirisha la tatu, Dodoma mjini,
ananisomea fomu kwa sauti ya mtu ambaye hajanywa chai:
"Huyu Sechelela Mbogoni ni nani kwako?"

Nyuma yangu foleni inakohoa.
Viatu vyangu vina mchanga wa Hombolo,
kucha zangu zina utomvu wa mizabibu tuliyopogoa jana.
Nasema: tunafanya kazi pamoja.
"Hilo si neno, mama. Hiyo ni sentensi."

Basi ananitafutia.

Mbia?
Mbia anajua senti yake imelala wapi.
Sisi, mwaka ule ubwiri ulipokula mashada yote,
tuligawana deni,
na fungu kubwa alilichukua yeye.
Aliuza mbuzi mwenye mimba, akanyamaza,
hadi nilipouliza ile kengele ya zizini imekwenda wapi.

Mshirika?
Chama cha ushirika kilipima zabibu zetu
kwa mizani iliyolalia upande wake.

Mshiriki, basi?
Mkwe wangu, mwenye ulimi, husema:
mwongezee "na" mwishoni,
uone kama kijiji kitamlaza.

Mdau.
Mdau namfahamu. Huja na gari,
hunywa soda, husaini posho,
huondoka na kofia.

"Mwenza," anasema karani, kisha anacheka mwenyewe.
Siku hizi mwenza ni mume, au mke.
Wangu yuko chini ya mawe, nyuma ya kanisa.
Wake yuko Mererani anachimba,
mwaka wa tisa sasa bila salamu.

Ndugu?
Aa, baba yangu waliwahi kumwita ndugu,
siku lori lilipomshusha kwenye kijiji kipya
na mlango wa nyumba yake mgongoni.
Aliyemwita hivyo alishika kalamu na orodha.
Mlango baba aliutua mwenyewe.

Msaidizi? Nani wa nani?
Kibarua? Nalo pia? Nani angelipa?

Kuna mwenzangu,
lakini hilo limechakaa kama noti ya sokoni,
hata muuza karanga asiyenijua ananiita hivyo.
Ila Sechelela mgongo ukimkaza
hasemi "naumwa".
Husema, "Mwenzio naumwa."
Anajitaja kwa pale anaposimama kwangu.
Nami namjibu, "Mwenzio je, na magoti haya?"
Na jua likishapanda juu ya mistari ya mizabibu
ukitusikiliza kwa mbali
hutajua mwenzio ni yupi.

Hayo sikumwambia karani.
Nilimwambia habari za bomba.

Ndoo iliyojaa hujitwishi peke yako,
labda ukubali kuoga nusu yake.
Kuna mtu anainama upande wa pili,
mnahesabu bila kuhesabu,
inapanda, anaachia
pale pale shingo inapokubali,
si kabla.
Ukiachia mapema unamvunja mtu.
Ukichelewa, unamfanya mtoto.
Miaka kumi na saba Sechelela hajakosea.

"Kwa hiyo niandike nini?"

Andika mtwishaji.

Alichapa. Akafuta. Akachapa tena.
"Mashine hailijui," akasema, safari hii polepole,
kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya shemeji mkorofi.
Akateremka hadi chini kabisa ya orodha,
kwenye kisanduku cha mwisho,
akabonyeza.

Nje, upepo wa Dodoma unatupa vumbi machoni bila kubagua.
Sechelela amekalia tenga letu tupu,
kando yake gunia la mbolea tulilokopeshwa.
"Wameniandika nani?"
"Nyingineyo."

Akalirudia neno, akalitafuna kama punje ya zabibu mbichi,
akatema kicheko.
Kisha akajifunga kanga, akakunja ngata,
akachuchumaa mbele ya gunia.
"Haya. Nyingineyo mwenzio yuko tayari.
Nitwishe."