Ngata

Jumanne, kabla ya adhana ya alfajiri,
niliwakuta wamelala kifudifudi bandani
kama nguo zilizodondoka kambani.
Bata sita, na yule bukini dume, Bwana Jumbe,
ambaye Mtogole nzima humpisha njia
kwa kuuogopa mdomo wake.
Shingo haina mfupa. Naiinua, inamwagika.
Jicho liko wazi, linaniona,
kope inapanda nusu, inachoka.

Nilimjua mwenye kosa kabla sijalijua kosa.
Nilisimama uani na kanga moja, nikapaza:
"Kindamba! Oili yako hiyo! Mtaro wako huo!"
Gereji ya watu ikaamka na matusi yangu
kabla ya nyundo.

Mosha wa duka la dawa za mifugo
alipokea simu, usingizi bado uko kooni.
Watoe juani, alisema.
Waepushe na maji ya kina,
bata asiye na shingo huzama hata kwenye sufuria.
Mkaa, mama. Saga mpaka uwe wanja.
Haluli kidogo, molasi kidogo, tumbo lisafike.
Tone kwa tone, kando ya ulimi.
Usimimine. Ukimimina, muuaji ni wewe.

Nikautwanga mkaa kwenye kinu cha kisamvu.
Usiku Luku ikakata.
Bomba la sindano lisilo na sindano,
tone, ngoja, ameze,
tone, ngoja,
mgeuze ubavu miguu isife ganzi,
mpanguse kinyesi cha kijani, rudi kwa wa kwanza.
Na tochi alinishikia nani?
Kindamba. Vidole vyeusi vya grisi.
Ya asubuhi hakuyataja. Aliuliza tu:
"Huyu mkubwa, kichwa tukilaze wapi?"

Nikaitwaa ngata yangu,
kanga kuukuu niliyoisokota
mwaka ambao Siwatu alianza kutambaa,
imebeba maji ya mama ntilie mzima,
ndoo kwa ndoo, kutoka bombani hadi jikoni.
Maandishi yamefutika, yamesalia JIRA,
kama kiungo cha pilau.
Tukaiweka chini ya koo la bukini.
Kichwa kikakaa. Pumzi ikapata njia.

Watatu walikufa Jumatano.
"Wafukie chini kabisa," Mosha akasema,
"mzoga ukioza, funza wake ndio sumu yenyewe.
Hebu niambie, uliwalisha nini?"

Nikanyamaza na simu sikioni.

Nyuma ya jiko, chini ya bati,
ndoo ya vichwa vya changu na matumbo yake,
tangu Ijumaa ile biashara ilipolala.
Jumatatu niliifunua, ikawa inachemka funza weupe.
Nikasema, riziki ya bata hii, itupwe kwa nini?
Nikawamwagia, nikiwaita kwa majina.
Nilicheka walivyogombania.

"Pumba tu," nikamjibu Mosha.

Ijumaa, mchana wa joto la kuyeyusha lami,
Bwana Jumbe alinyanyua shingo
kidogo, ikaanguka,
akanyanyua tena, kama mtu aliyeitwa kwa mbali
na hana hakika ni jina lake.
Nikamsogezea maji kwenye kisosi.
Aliniuma kidole gumba.
Nikamwambia: ongeza.

Ile ndoo nimeitoboa kitako.
Funza nimewamwagia maji ya moto, nikawazika.
Kindamba sijamwambia.
Amechimba kishimo cha oili yake chafu,
amekiwekea mfuniko, kwa ajili ya bata wangu,
kwa kosa ambalo si lake.

Kila asubuhi napita mbele ya gereji
na ngata ile ile, inanuka bukini.
Anachomoa kichwa chini ya gari:
"Mama Siwatu, bata wazima?"
"Wazima," najibu,
na siwezi hata kuinamisha uso,
nina ndoo kichwani.