Lugha ya Kodi

Kirumba, duka la kuchapa, ngazi ya nje isiyo na kishikio.
Nimefungua programu ya nota.
Kwaya inadai karatasi kumi na nane kabla ya Jumapili.

Kodi, ndivyo tunavyoziita, kwa jina lile lile
la ile anayoibishia hodi mwenye nyumba tarehe mosi.
Na do yetu ni mpangaji kweli:
leo iko G, kesho imebeba godoro hadi F,
na re na mi na watoto wote nyuma yake;
popote inapolala ni kwake.

Do ya Ilunga haihami.
Aliivusha kutoka Kalemie na gita lisilo na mfuko.
Ukimwambia do iko G, anakutazama
kama mtu aliyeambiwa Kigoma imehamia Geita.

Mzee Kyaruzi ana H.
Aliirithi Bukoba kwa mwalimu wake,
naye kwa Mjerumani, pamoja na tarumbeta lenye kibonyeo.
B yetu yeye huiita Ha.
B yake iko nusu hatua chini, kwenye kibao cheusi.
Jumanne niliandika B, sikuuliza:
kinanda kikaenda kulia, tarumbeta kushoto,
na sauti ya tatu ikabaki katikati,
jiwe la ziwani, linanyewa na minandi.

Leo nimekiona kisanduku: Lugha ya majina.
Kijerumani. Kifaransa. Kihispania. Hata Kirusi.
Nabonyeza.
H zinaota ukurasani moja moja kama vipele.
Nabonyeza tena: sol, la, si,
na ukisikiliza, hakuna kilichosogea.
Chini kabisa: Ongeza lugha.
Vyumba saba, vyote vitupu.

"Jaza Kiswahili," anasema Minza, asiyesoma nota
lakini ndiye anayetuokota tukipotea.
"Ya kwanza iite Nyumbani.
Ya tano, Mlangoni."
Na ya saba?
"Hiyo inawasha. Iache kwanza."

Ndipo kivuko cha Kamanga kikapiga honi.
"Si bemoli," akasema Ilunga.
"Be," Kyaruzi, bila kuinua macho.
"Bi flati," nikasema mimi.
Minza alishafika ngazini, viatu mkononi:
"Ni cha saa kumi na moja hicho! Kinaniacha."